Mtungi wa Euphronios na Haki ya Maiti

Je, yafaa kumnyang'anya maiti kitu ili walio hai wapate elimu? Swali hili lilinijia nilipokuwa nikisoma habari za chombo kimoja cha udongo, kilichofinyangwa Athene, mji wa Wayunani, yapata mwaka 515 kabla ya kuzaliwa kwake Bwana wetu.

Mfinyanzi wake ni Euxitheos, na aliyekipamba kwa picha ni Euphronios. Wote wawili waliandika majina yao. Kilikuwa cha kuchanganyia divai na maji, na kimo chake chapata sentimeta 46. Watu waliochorwa wameachwa katika wekundu wa udongo, na pande zote kumepakwa weusi. Katikati amelala Sarpedon, mfalme wa Likia, mwana wa Zeus, aliyeuawa na Patroclus katika vita vya Troya. Damu yamtoka majerahani. Usingizi na Mauti, ndugu wawili wenye mabawa, wamemwinamia na kumwinua, wapate kumpeleka kwao akazikwe. Na Hermes asimama akiangalia. (Msomaji wa Matendo ya Mitume ayajua majina hayo ya Zeus na Hermes, maana ndiyo watu wa Listra waliyowaita Barnaba na Paulo.)

Nalo la kustaajabisha ni kwamba Sarpedon alikuwa adui wa Wayunani! Walakini Myunani huyu hakumchora kama mzoga wa kudhihakiwa. Alimfanya mkubwa na mzuri kupita wote waliomzunguka.

Basi chombo hicho kilivuka bahari kwenda Italia, kikawekwa kaburini karibu na Cerveteri, katika nchi ya Waetruski. Mwaka 1971 wezi wakalifukua kaburi lile kwa siri, na mwaka 1972 jumba la Metropolitan la New York likakinunua kwa dola milioni moja.

Wako wasemao: kama kisingalifukuliwa, nani angaliiona picha ile? Nakiri kwamba neno hili lina nguvu, maana hata mimi nisingaliijua. Lakini tutazame vema. Mtaalamu afukuaye kwa idhini huandika kila kitu kilipolala, ni nani aliyezikwa, na pamoja na nini. Na mwizi wa usiku huchukua kiuzikacho na kuyavuruga yaliyosalia. Kwa hiyo aliyelipa fedha kwa ajili ya elimu aliwalipa walioiharibu elimu ile ile. Ama juu ya wale waliomlilia maiti wao wakampa kitu chao cha thamani, sioni kwamba miaka elfu mbili na zaidi imewafutia haki yao.

Mapatano yalifanyika mwaka 2006, na mwaka 2008 chombo kikarudishwa Italia. Sasa kimo katika nyumba ya makumbusho ya Cerveteri, si kaburini. Jina la Sarpedon lingali likisomeka kando ya picha yake. Jina la yule aliyezikwa nacho halijulikani.