Mnunuzi Mwenye Macho

Mithali yasema: Mwenye macho haambiwi tazama. Sokoni mithali hii yapendwa sana. Mwuzaji huisema ili asiulizwe mengi juu ya mali yake. Na mnunuzi aliyedanganywa huambiwa hiyo hiyo badala ya kurudishiwa fedha. Leo twataka kuigeuza na kuuliza: Kama mnunuzi ndiye mwenye macho, na mwuzaji ndiye asiyeona, je, yampasa mnunuzi kumwambia, Tazama?

Swali hili halikututoka kichwani. Lilitupata mwaka jana, siku moja ya posho, tulipomsindikiza rafiki yetu, fundi wa pikipiki, mpaka kijiji kimoja kando ya njia ya Bukavu kwenda Uvira. Alikuwa amesikia habari za pikipiki ya zamani iliyolala nyuma ya nyumba ya mama mjane. Fundi huyu hupenda kununua mashine za kale, kuzifungua zote mpaka parafujo ya mwisho, kuziondoa kutu, kuzitengeneza na kuziamsha tena. Kazi ya moja yaweza kumchukua mwaka mzima.

Tulikuta pikipiki ya FN ya miaka ya 1950, imeegemea ukuta, na kuku amelala juu ya kiti. Wengi wetu twalijua jina la FN kwa ajili ya bunduki. Na kweli kiwanda hicho cha Herstal, karibu na Liège katika Ubelgiji, kilianzishwa mwaka 1889 ili kitengeneze bunduki. Mwanzoni mwa karne ya 20 kilianza pikipiki, na mwaka 1905 kilitoa moja yenye silinda nne, ambayo gurudumu lake lilizungushwa kwa mhimili wa chuma pasipo mnyororo. Katika miaka ya 1960 kiliacha kazi ya pikipiki. Ndiyo sababu vipuri vyake hupatikana kwa shida: atakaye kimoja hukitoa katika pikipiki nyingine iliyokufa, au humwomba mkereza chuma amtengenezee.

Fundi alikanyaga chuma cha kuwashia, hakikushuka. Pistoni ilikuwa imeshikana na silinda kwa kutu. Matairi yamekwisha, nyaya zimeliwa na panya. Lakini aliinama, akafuta vumbi kwa kidole, akasoma nambari ya injini, kisha nambari ya shasi. Zote mbili zililingana na karatasi ya marehemu, ambayo mama aliitunza sandukuni. Kabureta nayo ilikuwa ile ile ya kiwandani. Kwa watu watafutao mashine za kale, hayo ndiyo yenye thamani. Rangi na matairi hununuliwa popote.

Mama akataja bei: dola 50. Fundi alijua ya kuwa mwenzake yeyote wa kazi hiyo angalitoa dola 300 papo hapo, pamoja na kutu yake yote. Hata hivyo akatikisa kichwa, akasema: "Mama, hiki ni chuma kikuukuu tu." Akapunguziwa dola 10. Nasi tulisimama kando, tukanyamaza. Twakiri jambo hili, kwa kuwa tulijua. Kitabu cha Mithali kimekwisha kumchora mnunuzi wa namna hii, aidharauye mali mbele ya mwenyewe, kisha ajisifu njiani. Njiani sisi tulicheka sana.

Jioni tulimwuliza fundi kama moyo wake umetulia. Akajibu: "Nimejifunza kazi hii miaka 20. Ujuzi wangu ni mali yangu. Nikimfundisha kila mwuzaji ninayoyajua mimi, watoto wangu watakula nini? Tena mama aliridhika, hakuna aliyemlazimisha."

Neno hili si la kijinga, wala hatukuweza kulijibu mara moja. Tukarudi kwa walimu wa kale. Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, afundisha ya kuwa mtu auzaye farasi mwenye jicho moja halazimiki kutangaza kilema hicho, mradi bei imepunguzwa ipasavyo, kwa maana kila mtu akiona. Lakini kasoro iliyofichika, iletayo hasara au hatari, yapasa kuambiwa. Kisha amgeukia mnunuzi: mtu akiuza dhahabu akidhani ni shaba, mnunuzi ajuaye amechukua kisicho chake, naye apaswa kulipa kilichopungua. Na kabla yake, Mtakatifu Agostino alisimulia habari za mtu aliyeletewa kitabu na mwuzaji asiyejua thamani yake. Mtu yule akatoa bei ya haki bila kuombwa.

Basi, tupambanue mambo mawili. Pikipiki ina thamani siku ile ile ilipo chini ya kuku. Hiyo ni ya mama. Tena itapata thamani nyingine kwa mwaka mmoja wa jasho. Hiyo ni ya fundi, wala mama hana haki ya kuidai. Ujuzi wa fundi humpa faida anapotengeneza. Anapoutumia ili kuificha thamani iliyokwisha kuwapo, umekuwa chombo cha kunyang'anyia. Na juu ya kuridhika: mama aliridhika kuuza chuma kikuukuu. Kuiuza pikipiki ile hakuridhika kamwe, kwani hakujua kwamba anayo.

Twaongeza neno moja kwa fundi wote. Siku utakapouza mashine uliyoiamsha, sheria ni ile ile. Kama silinda ilikuwa na ufa, ukauziba na kuupaka rangi, mwambie mnunuzi. Shingo yake itategemea ufa huo barabarani.

Juma lililofuata tulirudi kijijini pamoja. Fundi alimpa mama dola 260. Mama alizihesabu mara mbili, akatutazama kwa mashaka, akauliza: "Wanangu, mlikuta nini ndani ya tangi?"

Fundi akajibu: "Hamkuwa na kitu, mama. Kilichofichwa kilikuwa kinywani mwangu."

Nasi tuliosimama kando siku ile tuliinamisha kichwa, maana kilikuwa kinywani mwetu pia.