Hasara ya Mnyama Asiye na Mwenyewe

Swali la nani abebe hasara iliyoletwa na mnyama wa porini lilikuwepo kabla ya bima. Mnyama hana akili ya kushtakiwa wala mali ya kulipia, na wa porini hana hata mwenyewe wa kuitwa mbele ya hakimu. Hasara humwelemea aliyefikwa nayo, mpaka ithibitike kwamba kuna mwingine mwenye wajibu wa kuipokea.

Torati ilitoa jibu mapema. Katika kitabu cha Kutoka, mwenye fahali aliyejulikana kupiga watu kwa pembe, akaonywa na asimzuie, anawajibika kwa madhara yake. Lakini aliyekabidhiwa mnyama wa mwenzake, kisha mnyama huyo akararuliwa na wanyama wakali, halipi kitu. Anatakiwa tu kuleta mabaki yawe ushahidi. Katika Uislamu, Mtume alifundisha kwamba madhara ya mnyama kwa asili yake hayana fidia. Hata hivyo, katika kisa cha ngamia wa sahaba wake Al-Baraa bin Azib aliyeharibu bustani ya watu, aliamua kwamba mwenye shamba alilinde mchana, na mwenye mifugo awajibike kwa inachoharibu usiku. Dini zote mbili zinauliza jambo moja: je, yupo aliyeweza kuzuia akazembea?

Mikataba ya bima ya nyumba nchini Marekani nayo inauliza hivyo hivyo. Mkataba ulioenea zaidi, uitwao HO-3, haulipi uharibifu wa ndege, panya na jamii yake, wala wadudu, na matoleo ya karibuni yanaondoa pia uharibifu wa mnyama yeyote aliyefanya makazi ndani ya nyumba. Kindi akitafuna nyaya za umeme darini, gharama ni ya mwenye nyumba, kwa hoja kwamba alikuwa na muda wa kuziba tundu. Dubu akivunja mlango, mlango hulipwa kwa kuwa ni tukio la ghafla. Friji aliyoipindua ndani kwa kawaida hailipwi, maana vyombo vina kinga dhidi ya majanga yaliyoorodheshwa tu, na dubu hayumo. Hapo uzembe hauna nafasi tena. Kinachoamua ni kile kilichonunuliwa.

Ndiyo maana wanazuoni wengi wa Kiislamu wameikataa bima ya kibiashara, wakisema ni kuuziana jambo lisilojulikana. Mwaka 1985, Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Jeddah liliiharamisha na kuruhusu bima ya ushirikiano, ambamo wanachama huchangia mfuko wa kusaidiana. Msingi wake ni kwamba msiba wa mmoja ni mzigo wa wote.

Msingi huo unamhusu sana mkulima anayeishi kando ya hifadhi Afrika Mashariki. Tembo hubomoa ukuta wa udongo usiku kwa kunusa mahindi yaliyohifadhiwa ndani. Mwenye nyumba hana bima, na sheria inamkataza kumwinda tembo huyo. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 inasema wanyamapori ni mali ya umma, chini ya Rais kama mdhamini. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa majeruhi na wafiwa, shilingi 1,000,000 kwa kifo, nazo ni pole ya Serikali, si fidia. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 inataja fidia waziwazi, shilingi za Kenya 5,000,000 kwa kifo, ila inamnyima fidia ya mali asiyechukua hatua zinazofaa kuilinda.

Sharti hilo la Kenya ni la haki, lakini linambana mkulima peke yake. Anayemiliki wanyama kwa niaba ya umma na kukataza wasiuawe amechukua nafasi ya mwenye mifugo, na wajibu wa mwenye mifugo unamfuata. Tembo analeta watalii na fedha kwa taifa zima; si haki gharama yake ilipwe na kaya moja iliyobomolewa ukuta. Mkulima aliyefanya lililo katika uwezo wake anadai haki, na haki hailipwi kwa jina la pole.