Ujira wa Mtu Usiyemwona

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, mwaka 1770 fundi aitwaye Wolfgang von Kempelen alimwonyesha malkia Maria Theresa, huko Austria, mashine ya kucheza sataranji. Ilikuwa sanamu la mtu mwenye kilemba, limeketi nyuma ya kabati. (Kwa nini wakamchagulia kilemba, tuliache kwa leo.) Watu walistaajabu, kumbe ndani ya kabati alijificha mchezaji hodari. Mwaka 2005 kampuni ya Amazon ilipofungua soko la vibarua vya mtandaoni, ililiita Mechanical Turk, kwa jina la mashine ile ile. Kazi kubwa hukatwa vipande vidogo, kila kipande kikafanywa na mtu asiyejulikana, kwa senti chache. Hazina ya ImageNet, iliyozifundisha kompyuta kutambua vitu, ina picha zaidi ya milioni 14. Waliozipanga ni vibarua wa soko hilo, kutoka nchi 167.

Leo kazi za namna hii zimeingia hadi hosteli zetu hapa Kampala. Wapo wanaolipia chakula na bando kwa kuchora mistari kuzunguka magari katika picha, au kuandika maneno yaliyosemwa kwenye sauti. Mimi sioni ubaya katika asili ya kazi hiyo. Ni jasho kama jasho la shambani.

Lakini sheria yetu ya ijara inataka kazi ijulikane na ujira ujulikane. Katika soko nililolitaja, mtoa kazi anaweza kuikataa kazi yako, asikulipe, na bado ikabaki mikononi mwake. Tukisikia hivyo twapaza sauti: dhulma! Na ni haki kupaza sauti. Mtume (S.A.W.) ametufikishia kwamba Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mgomvi, Siku ya Kiyama, wa yule anayemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, kisha akamnyima ujira.

Sasa nataka tuangalie karibu. Akaunti yenye alama nzuri haipatikani kirahisi. Mwenye nayo humgawia kazi kijana wa mwaka wa kwanza, aliyetoka kijijini, asiye na kompyuta. Kijana anakesha. Mwisho wa wiki anaambiwa, "Kazi yako imekataliwa." Atajuaje? Ukurasa wa malipo anauona mwenye akaunti peke yake. Hapo dhalimu haishi ng'ambo ya bahari. Anaswali safu moja na huyo kijana, pengine ndiye anayemsahihishia tajwidi.

Atasema: kompyuta ni yangu, umeme na intaneti nimelipa mimi. Kweli, na gharama ina haki yake. Basi sehemu yako itaje kabla kazi haijaanza, ukae naye chini, mkubaliane kwa maandishi, na malipo yakiingia umfungulie ukurasa aone. Kunyamaza mwanzoni ili ukate utakavyo mwishoni si biashara.

Na akaunti yenyewe? Ikiwa masharti uliyoyakubali yanasema mtu mmoja tu aitumie, nawe umewaweka wanne nyuma ya jina lako, umevunja ahadi. Suratul Maida inafunguka kwa kuwaamuru walioamini watimize mikataba yao. Hakuna aya iliyosema isipokuwa mkataba wa kampuni ya kigeni.

Nawe kibarua, usibonyeze bonyeza bila kutazama ili ufikishe idadi. Suratul Mutaffifin inawahusu wanaopunja vipimo, na jibu la kubahatisha ni kipimo kilichopunjwa. Huenda picha uliyoipita ni ya mapafu ya mgonjwa, na mashine inajifunza kwako ugonjwa unafananaje.

Kwa wenye akaunti: muhula unaisha wiki chache zijazo na vijana wanarudi makwao. Fungueni hesabu zenu leo baada ya Ijumaa. Mwenye kudaiwa atume kwa simu kabla kijana hajapanda basi, na asiyekumbuka kiasi amwite wakahesabu pamoja.

Wabillahi tawfiq.