Saa Iliyopuuzwa na Swali la Thamani

Seiko 6139 ni saa ya mkono yenye kronografu, yaani kifaa cha kupimia muda wa tukio. Kitufe cha juu kikibonyezwa, akrabu ndefu ya sekunde huanza kwenda. Kikibonyezwa tena, husimama. Kitufe cha chini huirudisha kwenye sifuri. Iliingia madukani Japani mwezi Mei 1969. Mwaka huohuo, tarehe 10 Januari, kampuni ya Zenith ya Uswisi ilitangaza mtambo wake wa El Primero, na mwezi Machi Heuer, Breitling na washirika wao wakaonyesha wa kwao. Wote walikuwa wakishughulikia tatizo moja: kutengeneza kronografu isiyohitaji kutiwa ufunguo kila siku, bali inayojijaza kwa mwendo wa mkono wa mvaaji. Nani alitangulia? Ubishi haujaisha, kwa sababu jibu linategemea kinachohesabiwa: tangazo, maonyesho au duka.

Pamoja na historia hiyo, 6139 ilipuuzwa na wakusanyaji wa saa kwa miongo kadhaa. Ilitengenezwa kwa wingi hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, ikauzwa kwa bei ya mtu wa kawaida, tena ilitoka nchi ambayo wakati huo haikuhusishwa na saa za fahari. Seiko yenyewe ilichangia kuifunika. Tarehe 25 Desemba 1969 ilizindua Astron, saa ya mkono ya kwanza ya kwazi kuuzwa sokoni, na kuanzia hapo macho yakageukia saa za betri, ambazo kwa usahihi ziliishinda mitambo yote ya magurudumu, ghali na rahisi. Saa iliyotatua tatizo la zamani ilipitwa na saa iliyolifanya tatizo lenyewe lisiwe na maana.

Hata hivyo leo wapo watu wanaoitafuta, wanaosoma namba za mgongoni mwake kwa kioo cha kukuzia na kuipenda kuliko saa za bei mara mia. Upendo huo unaibua swali la kifalsafa ambalo saa maarufu hulificha: thamani ya kitu iko wapi? Imo ndani ya kitu, imo katika macho ya wanaokitazama, au iko mahali pa tatu? Saa maarufu haifai kupimia swali hili, kwa kuwa bei yake inajibu kabla ya mwulizaji kumaliza kuuliza. Mwaka 2017 Rolex Daytona ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 17. Aina hiyo ya Daytona ilipokuwa mpya, wauzaji walipata taabu kuiondoa madukani. Mtu anayeipenda leo hawezi kujua kwa hakika kama anapenda saa au anapenda mamilioni. Anayeipenda 6139 hana shaka hiyo, au alau alikuwa hana.

Jibu la kwanza ni kwamba thamani imo ndani ya saa, katika ubora wa kazi. Jibu hili lina nguvu. Ndani ya 6139 mna gurudumu la nguzo linaloongoza amri za vitufe, mpangilio ambao mafundi huuheshimu kuliko ule wa bei nafuu unaotumia kamu. Mna pia klachi ya wima: badala ya gurudumu moja kusukumwa kando likutane meno kwa meno na jingine, sahani mbili hubanana kwa msuguano, na akrabu huondoka bila kurukaruka. Saa hii haina akrabu ndogo ya sekunde za kawaida, kwa hiyo wengi huiacha kronografu ikitembea mchana kutwa, na klachi hiyo inalivumilia jambo hilo kuliko mpangilio wa meno. Hii ni akili ya uhandisi iliyotiwa katika bidhaa ya bei ndogo, na inastahili heshima.

Lakini ubora hautoshi kueleza mapenzi haya. Mtambo uleule uliwekwa katika aina nyingi za kasha na uso, na wakusanyaji hawazipendi zote kwa kiasi kimoja. Inayotafutwa zaidi ina uso wa rangi ya dhahabu na pete ya buluu na nyekundu, ingawa haipimi muda vizuri kuliko ndugu zake. Mwanafalsafa wa Uingereza G. E. Moore, katika kitabu chake Principia Ethica cha mwaka 1903, alipendekeza njia ya kupima thamani ya asili: kitu kifikiriwe kikiwa peke yake kabisa, kana kwamba hakuna kingine duniani, kisha iulizwe kama kuwepo kwake ni jema. Saa ikitengwa hivyo inapoteza karibu kila kinachomvutia mkusanyaji. Hubaki chuma cha pua, springi na magurudumu.

Kinachoipa saa ya uso wa dhahabu mvuto wake ni mtu. William Pogue, mwanaanga wa Marekani, aliizoea 6139 alipokuwa akipimia muda katika mazoezi ya Skylab 4, safari ya kwenda kituo cha anga cha Skylab. NASA, shirika la anga la Marekani, ilikuwa imeidhinisha saa ya Omega Speedmaster tangu 1965. Seiko haikuwa na kibali. Pogue aliitia mfukoni mwa vazi lake akaondoka nayo. Safari ilianza tarehe 16 Novemba 1973 ikaisha tarehe 8 Februari 1974, siku 84 angani, na wengi huitambua saa hiyo kuwa kronografu ya kwanza ya kujijaza kuvaliwa huko. Ilipita miaka zaidi ya 30 kabla ya wapenzi wa saa kuitambua mkononi mwake. Mwaka 2008 iliuzwa mnadani kwa takriban dola 6,000, kiasi ambacho mbele ya bei ya saa ya Newman ni karibu mzaha.

Hapa falsafa ya karibuni ina msaada. Mwanafalsafa Christine Korsgaard, katika makala ya mwaka 1983, alionyesha kwamba wanafikra walikuwa wakichanganya tofauti mbili: kati ya thamani iliyo ndani ya kitu na inayotoka nje yake, na kati ya kitu kinachothaminiwa kwa ajili yake chenyewe na kinachothaminiwa kama njia ya kupata kingine. Mwaka 1998 mwanafalsafa Shelly Kagan alitoa mfano wa kalamu ambayo Abraham Lincoln alitilia saini tangazo la kuwaacha huru watumwa. Thamani yake inatokana na historia, jambo lililo nje ya wino na chuma. Bado kalamu inathaminiwa kwa ajili yake yenyewe, wala si kwa kuandikia. Saa ya Pogue ni ya jinsi hiyo. Uhusiano wake na tukio si njozi ya mnunuzi. Ni ukweli kuhusu saa hiyo, sawa na uzito wake.

Ugumu unabaki kwa saa nyingine zote za aina ile. Maelfu hayakwenda angani, bali yalikaa kwenye mikono ya mabaharia, madereva na makarani, na hata hivyo nayo huitwa kwa jina la Pogue. Uhusiano wa saa hizo na anga ni wa ujamaa tu, na ujamaa ni msingi dhaifu. Pengine kinachopendwa ndani yake ni ushahidi kwamba chombo cha kawaida kilitosha: kilichokwenda angani hakikuteuliwa wala kutukuzwa kabla ya safari, na kila ndugu yake angeweza kwenda. Hoja hii inazipa saa hizo thamani kwa kile zilichokuwa na uwezo nacho. Haizigeuzi kuwa masalio matakatifu, na muuzaji anayezipandisha bei kana kwamba kila moja imerudi kutoka Skylab anapotosha.

Tatizo la utambulisho linafuata. Namba ya mgongoni ina siri yake: tarakimu ya kwanza huonyesha mwaka ndani ya muongo, alama ya pili mwezi. Wakusanyaji huilinganisha na maandishi ya usoni, kwa mfano kama saa inadai kuzuia maji au kustahimili maji tu, kwani maneno hayo yalibadilika. Saa nyingi zimebadilishiwa uso, akrabu na pete kwa spea za kisasa. Mwandishi wa kale Plutarch aliandika juu ya merikebu ya shujaa Theseus iliyobadilishwa mbao moja moja, na mwaka 1655 mwanafalsafa Thomas Hobbes akaongeza fumbo: mtu akizikusanya mbao zilizotolewa na kuziunga upya, ipi ni merikebu halisi? Kwa mafundi wa saa hilo si fumbo la darasani. Kasha la saa moja likitiwa mtambo wa ya pili na uso wa ya tatu, zote za kweli, hakuna sehemu iliyo ya uongo. Kilicho cha uongo ni dai kwamba zilizaliwa pamoja. Ikiwa thamani inatoka katika historia, basi anayefuta historia hiyo kwa kung'arisha kasha mpaka kingo zipotee ameharibu zaidi kuliko aliyeacha mikwaruzo ya miaka 50.

Mwisho kuna swali la moyo wa mwenye saa. Mwanachuoni wa Kiislamu Al-Ghazali, katika kitabu chake Ihya, anaujadili uhusiano wa mtu na mali kwa kutazama moyo kabla ya mkono, na daraja ya juu anampa yule ambaye kwake kuwa na kitu na kukikosa ni sawa. Kwa kipimo hicho, anayejisifu kwamba hajali fahari kwa sababu anavaa saa ya bei ndogo huenda ameshikwa na fahari nyingine, ya kujua wasichojua wengine. Tena fahari hiyo inajimaliza: kila anayeisifu 6139 hadharani anaongeza wanunuzi, na bei zimepanda tangu kisa cha Pogue kienee. Mkusanyaji anayeudhika kwa kupanda huko anakiri kwamba sehemu ya alichopenda ilikuwa ni kupuuzwa kwake. Kupuuzwa si sifa ya saa. Ni sifa ya watazamaji, nao wamegeuka. Gurudumu la nguzo na klachi ya wima havijabadilika, wala siku zile 84.