Uzio Usiofika Baharini

Mtu wa Mweiga, kando ya msitu wa Aberdare, akikuambia kitu kimehifadhiwa, kichwani ana waya. Uzio wa umeme wa Aberdare ulianza kujengwa 1989, ukakamilika 2009, karibu kilomita 400. Ndovu kwake, viazi kwetu. Nimelala na kuamka na mpango huo hadi nikadhani kutunza ndiko huko: kuchora mstari, kisha kuulinda.

Buabua, ndege wa baharini, amenivuruga. Kuna aina yake yenye mgongo mweusi ambayo hutaga kwenye Fungu Kizimkazi, kisiwa kidogo sana kusini mashariki mwa Unguja. Kinda akisharuka hukaa baharini miaka kadhaa, sehemu kubwa akiwa angani, kabla ya kurudi kutaga. Huyo utamzungushia waya wapi?

Hushuka nchi kavu kwa ajili ya yai, tena yai moja tu, na hapo ndipo anapotukuta: mvuvi mwenye kikapu cha kuokotea mayai, panya aliyeshuka na shehena ya jahazi. Kule kisiwani Chumbe, Zanzibar, ilibidi panya wamalizwe kisiwa kizima. Kwa hiyo mtafiti wa ndege wa baharini huhesabu viota, lakini kazi yake nyingine ni kutupeleleza sisi: nani alitia nanga, alibeba nini, aliacha nini. Mwanzoni niliona anakwepa kazi yake. Sasa naona ndiyo kazi yenyewe.

Swali hilo la alibeba nini huulizwa hata huku kwetu: tangu Juni 5, 2020, plastiki ya kutumiwa mara moja hairuhusiwi katika mbuga za taifa za Kenya. Shirika lile lile la Wanyamapori la Kenya (KWS) linalolinda msitu huu wetu ndilo linalolinda hifadhi ya bahari ya Kisite, kule Kwale, ambako buabua huja kutaga. Amri moja, mlimani na baharini. Hapa mgeni hufika getini na chupa yake ya maji, akaambiwa aiache. Huiacha, naye huingia msituni mikono mitupu, roho nyeupe.

Chupa imebaki upande wetu. Na mvua ya miteremko ya Nyeri hushuka Sagana, Sagana huingia Tana, Tana humwaga maji yake baharini Kipini. Najua, katikati kuna Masinga na Kiambere, na takataka nyingi hunasa mabwawani. Lakini kila nikipita pale getini huangalia kwanza pipa, kama lina kifuniko.