Nyumba Imekwisha, Maji Yaende Wapi?



Mwishoni mwa mwaka jana baba yangu mdogo alihamia katika nyumba yake mpya, kwenye mteremko upande wa mashariki wa Bujumbura. Aliijenga kidogo kidogo kwa miaka minne, kwa ramani aliyoitaka mwenyewe. Nia yake ilikuwa moja tangu siku ya msingi: isiwe nyumba ya kuharibu ardhi ya Mwenyezi Mungu. Siku ya kisomo cha kuingia nyumba tulisoma Yasin, tukaomba dua, tukala pilau. Sheikh aliyetuongoza aliisifu, akasema kujenga hivi ni ihsani kwa viumbe. Sote tukaitikia amina.

Haikupita wiki mbili ikanyesha mvua kubwa usiku kucha. Asubuhi jirani wa chini, mama mmoja Mkristo anayeishi na wanawe watatu, alipanda hadi getini kwetu. Alisalimu vizuri, akampa baba mdogo hongera ya nyumba, kisha akasema: "Lakini mmeniletea mgeni, baba. Maji yenu yamelala kwangu."

Zamani kiwanja kile kilikuwa udongo na migomba, na mvua nyingi ilizama humo humo. Sisi tuliutandika uwanja wote kwa pave za saruji, kutoka barazani hadi getini, ili pasiwe na tope. Nasema "sisi" kwa sababu nilikuwepo: likizo nzima nilizibeba kwa toroli. Hata tundu la chini ya ukuta wa uzio, la kutolea maji, nilishika mimi patasi. Maji yalitoka hapo kwa nguvu yakapiga ukuta wake wa nyuma, ambao ni wa tofali za udongo mbichi. Ukuta ulipasuka, na watoto walikesha wameketi juu ya meza.

Tangu siku hiyo swali moja limenikaa. Nyumba inaweza kuwa rafiki wa mazingira na wakati huo huo ikamdhuru jirani? Na ikiwa hivyo, sifa zile tulizoitikia amina zilikuwa za kitu gani?

Nitende haki kwanza. Nyumba ile ina wema wa kweli. Kwetu tofali nyingi huchomwa kwa kuni, na kila tanuru hula miti ya kutosha kufunika jicho la kilima. Baba mdogo alikataa. Alitumia udongo wa kiwanja chenyewe, ukachanganywa na saruji kidogo, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono na kukaushwa kivulini. Juu ya paa pana sola, na pembeni pana tangi la maji ya mvua. Katika Sahihi al-Bukhari, Ibn Umar (r.a.) anaeleza kwamba msikiti wa Mtume (s.a.w.) ulijengwa kwa tofali mbichi, nguzo zake magogo ya mitende na paa lake makuti. Lakini simulizi hiyo hiyo inaendelea: Uthman (r.a.) alipoupanua alitumia mawe yaliyochongwa na mbao za msaji. Kwa hiyo udongo peke yake hauifanyi nyumba kuwa njema, wala jiwe haliifanyi kuwa ovu.

Baba mdogo alipomsikia jirani hakukasirika, ila alijitetea. Alisema: "Mwanangu, hapa mtaani kila mtu ametandika. Nimefanya nini ambacho wengine hawakufanya?"

Jibu hilo si la kudharau, lina mizizi katika fiqhi. Imamu Nawawi katika al-Minhaj, kitabu kinachotegemewa sana katika madhehebu yetu ya Shafii, anaeleza kwamba kila mwenye mali ana haki ya kuitumia kwa namna iliyo ya kawaida, na akivuka kawaida hiyo ndipo hulipa alichoharibu. Kuna hekima hapo. Kama kila usumbufu wa jirani ungekuwa kesi, hakuna ambaye angepika, angefuga kuku wala angegonga msumari. Wanazuoni wa Kimaliki waliibana zaidi haki ya mwenye mali kwa kutegemea hadithi ya kutodhuru na kutodhuriana. Ibn al-Rami, fundi muashi wa Tunis wa karne ya 14 aliyefanya kazi na makadhi, aliandika kitabu kizima kuhusu hukumu za majengo: kuta, madirisha, moshi, mifereji ya maji. Tazama, ndugu msomaji: muashi na kadhi walikwenda pamoja kuutazama ukuta. Sisi tulimwita fundi wakati wa kujenga na sheikh baada ya kumaliza, na wawili hao hawakuonana.

Sasa, je, desturi inatosha kumtoa baba mdogo lawamani? Naona haitoshi, kwa sababu mbili.

Ya kwanza, desturi huzaliwa katika hali fulani. Mtu mmoja akitandika uwanja wake katikati ya mashamba, ardhi iliyobaki hunywa maji yake. Wote wakitandika hakuna wa kuyanywa, na kila mmoja bado atasema amefanya kama wenzake. Wakazi wa mji huu hawahitaji kufundishwa jambo hili. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, maji yaliyoshuka kutoka vilimani yaliingia mitaa ya kaskazini ya Bujumbura, na watu zaidi ya 60 walikufa. Makorongo ya mto Ntahangwa yamekuwa yakila viwanja na nyumba tunaona. Hakuna uwanja mmoja uliosababisha hayo, na kwa sababu hiyo hakuna anayejiona ana deni.

Sababu ya pili ndiyo nzito kwangu. Baba mdogo aliikataa desturi pale mwanzoni. Tofali za kuchoma ni desturi pia, naye aliziacha kwa sababu aliona madhara yake. Mtu aliyeiacha desturi kwa ajili ya miti hawezi kuikimbilia tena anapodaiwa na jirani. Kipimo alichojiwekea mwenyewe kilikuwa juu ya desturi, na kwa kipimo hicho hicho anaulizwa.

Hata lugha yetu inatusuta. Mazingira ni yale yanayokuzingira. Ukisimama mlangoni kwako, cha kwanza kukuzingira si msitu wa Kibira wala hewa ya dunia, ni nyumba ya jirani. Tunapenda mazingira ya mbali kwa sababu hayaji getini asubuhi kutudai. Wala haki hii haimhusu Muislamu peke yake: Abdullah bin Amr (r.a.) alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, aliuliza kama jirani yake Myahudi amepelekewa sehemu yake.

Siku ile baba mdogo alinyamaza. Baada ya swala ya Ijumaa alinituma nikamwite fundi. Tulizing'oa pave za nusu ya uwanja, tukapanda nyasi na kurudisha migomba michache. Tundu tukaliziba, na maji yanayobaki tukayachimbia mfereji hadi barabarani. Ukuta wa jirani tuliujenga upya kwa tofali zetu zilizosalia. Mama yule alituletea ndizi, na baba mdogo akasema kwamba siku hiyo ndiyo nyumba yake ilipokwisha.

Mimi sina hakika kama imekwisha. Mfereji wa barabarani unamwaga korongoni, na huko chini kuna watu ambao hatujawahi kuwasalimia. Tumepunguza madhara, hatujayamaliza, na pengine hakuna nyumba inayoyamaliza kabisa. Lakini kuna tofauti kati ya mtu anayejua maji yake yanakwenda wapi na mtu ambaye hajawahi kuuliza.

Wengi wetu tutajenga, inshallah, baada ya chuo. Kabla ya kuchagua rangi ya bati na aina ya sola, tushuke kwanza hadi kwa jirani wa chini tumuulize mvua ikinyesha kwake kunakuwaje. Mwenyezi Mungu atujaalie nyumba zenye nafasi na majirani waliosalimika nasi. Wallahu a'lam.