Mwanga wa Matumbawe na Uvivu Wetu

 

Ndugu zetu, tumeulizwa katika darasa juu ya picha za matumbawe yang'arayo kijani na nyekundu chini ya bahari, ambazo vijana hupelekeana kwa simu. Chini yake pameandikwa kwamba jambo hili limekwisha tajwa katika Kurani, basi hapana haja ya kuwastaajabia walioligundua. Je, ni kweli?

Mtu hawezi kuhukumu asilolijua, kwa hivyo na tueleze kwanza jambo lenyewe. Mwanga wa jua uingiapo majini haushuki wote sawasawa: mwekundu hupotea mapema, na wa buluu ndio ufikao mbali. Matumbawe nayo si mawe matupu, bali ni majumba ya wanyama wadogo laini, na katika miili yao mna vitu vinavyoupokea mwanga wa buluu na kuurudisha kwa rangi nyingine. Si mwanga wao wenyewe kama wa kimulimuli. Taa ikizimwa, nao huzimika papo hapo. Mpiga mbizi huenda usiku na taa ya buluu, na mbele ya kamera hutia kioo cha manjano cha kuizuia buluu isirudi. Bila ya kioo hicho, taa yake mwenyewe ingelimficha kile alichokwenda kukitafuta. Kwa njia hii huonekana hata tumbawe changa la kiasi cha milimita moja, ambalo mchana jicho lingelipita. Na mwenye kuyahesabu machanga hujua kama mwamba ulioharibika una matumaini ya kupona. Mwaka 2015 wataalamu wa Scripps, California, walieleza kamera ya namna hii ifanyayo kazi hata mchana.

Viumbe wadogo waeleao, waitwao planktoni, nao wana habari yao. Walio mimea miongoni mwao wana ile rangi ya majani, nayo ikipigwa na mwanga hurudisha wekundu. Huko Woods Hole, Marekani, ikatengenezwa mashine ivutayo maji ya bahari na kuzipitisha chembe moja moja mbele ya mwali wa leza. Chembe ikitoa wekundu, kamera huipiga picha. Mapema mwaka 2008 mashine hiyo, ikiwa imewekwa Port Aransas, Texas, ilionyesha kwamba kiumbe aitwaye Dinophysis amezidi sana. Sumu yake huingia katika chaza na kumharisha mwenye kuwala. Uvuaji wa chaza ukasimamishwa na waliokwisha uzwa wakarudishwa, kabla hajajulikana mgonjwa hata mmoja. Watu walisalimika kwa picha ya kitu kisichoonekana kwa macho!

Sasa tujibu. Surat Ar-Rahman imetaja marjani, hilo hapana shaka. Lakini wafasiri wetu wa kale wamekhitalifiana: wako waliosema ni lulu ndogo ndogo, na wako waliosema ni hiyo nyekundu ya kujipambia. Hapana aliyetaja mwanga wa buluu wala kioo cha manjano. Basi mwenye kuandika maneno yale amemzulia Mola wake, ijapokuwa nia yake ni nzuri. Kurani imetuamrisha kutazama, haikuahidi kututazamia. Kijana aliyetuuliza tumemwambia ayafute maneno na aibakishe picha.

Na aliyetazama ni nani? Osamu Shimomura, Mjapani, alikuwa na miaka 16 mwaka 1945 bomu lilipoangushwa Nagasaki, na mwako wake ukampofusha kwa muda ingawa alikuwa mbali na mji. Kiangazi cha mwaka 1961, huko Friday Harbor, Marekani, yeye na wenzake walivua mayavuyavu kwa maelfu, wakiyakata na kuyakamua ili wajue mwanga wake watoka wapi. Humo ikapatikana protini ya kijani, ambayo leo wataalamu huitumia kufuatia mwendo wa chembe za mwili, na jamaa zake zikaja kuonekana ndani ya matumbawe mwaka 1999. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 2008, pamoja na Martin Chalfie na Roger Tsien. Ndiyo subira hiyo! Na sisi tulikuwa na wetu: Ibn al-Haytham wa Basra, aliyeujaribu mwanga ndani ya chumba chenye giza, akaandika jinsi uingiavyo jichoni, yapata miaka elfu iliyopita. Hakutosheka kusema limekwisha tajwa, kisha akalala.

Jambo hili latuhusu sisi hasa. Kuta za nyumba zetu na misikiti yetu ya kale, Lamu na Mombasa, ni matumbawe. Kitoweo chetu hukulia katika matumbawe. Mwaka 1998 bahari ilipozidi joto, sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu yaligeuka meupe, na mengi yakafa. Bado wako wazazi wanaowaambia watoto kuwa ilimu ya bahari ni ya dunia tu, haina thawabu. Sisi hatujaona dalili ya neno hilo katika kitabu chochote tulichosomeshwa. Mwenye mtoto anayelitaka somo hili asimzuie, na akikosa karo atuletee habari msikitini kabla shule hazijafunguliwa.